Mtoto Anapopelekwa Eksirei: Mambo Yanayomfaa Mzazi Kuyajua

Katika kata nyingi za vijijini, eksirei huingia katika maisha ya familia kwa njia mbili: mtoto ameanguka, au mtoto ana kikohozi kisichokoma. Njia ya kwanza hujaa zaidi msimu wa maembe, ambapo wauguzi wa zamu hawahitaji kalenda ili kujua kwamba matunda yameiva. Mtoto huanguka akiwa amenyoosha mkono ili kujizuia, uzito wote wa mwili hushukia kiganja, na mfupa huvunjika ama karibu na kifundo cha mkono, ama juu kidogo ya kiwiko.

Kwa mtu mzima, kupigwa picha ni kazi ya dakika chache, tena isiyouma. Kwa mtoto wa miaka mitano mambo ni mengine kabisa. Mlango ni mzito, una alama ya mionzi na taa nyekundu juu yake. Ndani mna mwanga hafifu na ubaridi. Meza ni ngumu. Mashine kubwa inasogezwa juu ya kichwa chake na mtu ambaye hajawahi kumwona, mkono unaomuuma unashikwa na kugeuzwa, kisha watu wote aliowategemea wanaondoka na kusimama nyuma ya kioo. Hapo mzazi humwambia, "Usilie, hakuna kitu." Lakini mtoto ana macho, na anaona kwamba vitu vipo vingi.

Watafiti nchini Sweden waliwahoji watoto wenyewe, badala ya kuwauliza wazazi peke yao, juu ya eksirei zinazopigwa kwa dharura baada ya ajali. Majibu yao yanafahamika kwa yeyote aliyewahi kumpeleka mtoto hospitali, hata kama hospitali hiyo iko mbali sana na Sweden. Yaliyowasumbua ni maumivu pale kiungo kilipogeuzwa na hofu ya kutojua kitakachofuata. Yaliyowatuliza ni kuwapo kwa mzazi, mtaalamu aliyezungumza nao kwa upole na kuonekana anaijua kazi yake, na kule kuwa na jambo fulani walilolitambua kutokana na safari ya nyuma. Kati ya hayo yote hakuna linalohitaji mashine mpya. Ni jambo la kuzingatiwa katika wilaya ambazo fedha za vifaa hazitoshi kamwe.

Kabla ya kufika hospitali

Mfupa wa mtoto si mfupa wa mtu mzima uliopunguzwa ukubwa. Ni laini zaidi, na mara nyingi hupinda na kupasuka upande mmoja tu, kama kijiti kibichi kinavyofanya mtu akijaribu kukivunja. Tena, karibu na ncha za mifupa mirefu ipo sehemu ya gegedu ambapo mfupa hukua. Katika picha, sehemu hiyo huonekana kama ufa, na asiyezoea anaweza kudhani ni mvunjiko. Ndiyo sababu mtaalamu wakati mwingine huomba kupiga picha ya mkono wa pili, ule mzima, ili alinganishe. Mzazi anayesikia ombi hilo asidhani kwamba mkono umekosewa au kwamba anatozwa mara mbili bila sababu. Ana haki ya kuuliza, na jibu linapaswa kuwa hilo.

Sehemu hiyo ya ukuaji ikiumia na isirekebishwe vyema, mkono unaweza kukua ukiwa umepinda au ukawa mfupi kuliko mwenzake. Hapa ndipo penye hatari ya kuanza kwa fundi wa kuunga mifupa kijijini na kwenda hospitali baadaye. Mafundi hao wana heshima yao, na wapo wanaojua mipaka yao wakamwelekeza mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo. Tatizo ni vibanzi vinavyofungwa kwa kukazwa sana juu ya mkono unaoendelea kuvimba. Damu hushindwa kupita, na misuli ya mkono huanza kufa ndani ya saa chache. Mtoto aliyekuja na mvunjiko wa kawaida, ambao ungepona kwa wiki kadhaa, anaweza kubaki na vidole vilivyokunjika maisha yake yote. Dalili za kuangalia ni vidole kuwa baridi au kubadilika rangi, kufa ganzi, na maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hasa vidole vinaponyooshwa. Zikionekana, kilichofungwa kilegezwe mara moja na mtoto apelekwe hospitali usiku huo huo, bila kungoja kuche. Hili linahusu pia bandeji ngumu iliyofungwa hospitalini. Nayo inaweza kubana.

Nyumbani, kinachofaa ni kuutuliza mkono bila kuunyoosha kwa nguvu. Khanga iliyofungwa shingoni hutosha kuubeba. Mtoto asipewe chakula kizito njiani kabla ya kumuuliza muuguzi, kwa kuwa mfupa ukihitaji kurudishwa mahali pake huenda akalazimika kupewa dawa ya usingizi, na tumbo lililojaa huchelewesha shughuli hiyo. Wazazi wengi huona ni ukatili kumnyima uji mtoto anayelia. Ni afadhali auliziwe kwanza.

Dharura nyingine inayoishia katika chumba cha eksirei ni mtoto aliyemeza kitu. Sarafu huonekana vizuri katika picha, na nyingi hupita zenyewe. Betri ndogo ya duara, ile ya saa, rimoti au mwanasesere anayewaka taa, ni habari tofauti: ikikwama kooni inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili. Mzazi anayeshuku betri aseme neno hilo pale mapokezi, kwa sauti, wala asisubiri kuitwa kwa zamu. Kwa upande mwingine, karanga na vipande vingi vya plastiki havionekani katika eksirei. Mtoto aliyepaliwa na karanga na ambaye bado anakohoa hajathibitishwa kuwa salama kwa sababu tu picha ni safi.

Ndani ya chumba

Jambo la kwanza ambalo mzazi anaweza kuulizia ni dawa ya maumivu. Mtoto aliyevunjika mkono na kupewa dawa kwa wakati hulala kimya, na picha hutoka mara moja. Asiyepewa hupiga mayowe, hujinyonganyonga, na picha hutoka na ukungu. Picha yenye ukungu hurudiwa, na kila inaporudiwa mtoto hupokea mionzi ambayo haikuwa na ulazima. Kwa hiyo swali, "Daktari, mwanangu amepewa dawa ya maumivu?" si swali la kuingilia kazi za watu. Linamsaidia hata mpiga picha.

La pili ni kumwambia mtoto ukweli. Eksirei yenyewe haiumi, na hilo laweza kusemwa bila kusita. Kuugeuza mkono kunaweza kuuma, na hilo pia lisemwe: "Utauma kidogo ukigeuzwa, halafu utaachwa." Mtoto aliyeambiwa kwamba hakuna maumivu, kisha akaumia, huacha kumwamini mzazi, daktari na kila mwenye koti jeupe, na hutarajia mabaya katika ziara zote zinazofuata. Vitisho ni vibaya zaidi. Msemo wa "Ukilia, daktari atakuchoma sindano" umewafanya watoto wengi kuingia hospitali wakiwa wamekwisha kushindwa.

Mtaalamu naye ana sehemu yake. Mtoto anayeingia akasema "Shikamoo" na kuitikiwa "Marahaba, mwanangu, hujambo?" tayari ameambiwa kwamba ameonekana kuwa ni mtu, si kiwiko kilichovimba. Kumtaja kwa jina, kumwonyesha taa ya mashine ikiwaka juu ya kiganja cha mama kabla ya kuielekeza kwake, kumwomba ahesabu hadi tatu bila kutikisika: mambo haya huchukua nusu dakika. Foleni ikiwa ndefu, nusu dakika hiyo huonekana ni anasa. Ukweli ni kwamba kumshika kwa nguvu mtoto aliyeogopa huchukua muda mrefu kuliko huo, na mara nyingi humalizika kwa kurudia picha.

Kushikwa huku kunahitaji kusemwa waziwazi. Kumsaidia mtoto mdogo atulie, kwa mikono ya upole na akijua kinachofanyika, ni sehemu ya huduma. Kumkandamiza mtoto mwenye akili ya kuelewa, bila hata kujaribu kuzungumza naye, ni jambo jingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 11, inampa mtoto anayeweza kuwa na maoni haki ya kuyatoa, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Haina maana kwamba mtoto wa miaka saba ataamua kama mkono upigwe picha au usipigwe. Ina maana kwamba anaweza kuchagua akae au alale, mama asimame kulia au kushoto, na kwamba akisema "Subiri kwanza," kuna mtu wa kumsikia.

Mzazi hubaki ndani pale anapohitajika, na huvalishwa aproni nzito ya risasi, yaani madini yale mazito, si risasi ya bunduki kama watoto wengine wanavyodhani wakaogopa zaidi. Husimama pembeni, nje ya njia ya mwale. Umbali nao ni kinga kubwa: anayesimama mbali mara mbili hupata takriban robo tu ya mionzi. Wahudumu hawatakiwi kuwa ndio wanaowashika watoto kila mara, kwa kuwa wao wangeipata dozi hiyo kila siku ya kazi, mwaka hadi mwaka. Mama mjamzito, au anayedhani huenda ni mjamzito, asimshike mtoto wakati wa picha. Ampishe baba, shangazi au bibi. Wapo akina mama wasioweza kulitamka hilo mbele ya wakwe. Inatosha kumwambia mhudumu pembeni kwamba hawezi kubaki ndani, na mhudumu mwenye busara haulizi sababu mbele za watu.

Mashine hutaka pia vitu vya chuma viondolewe: hereni, mikufu, vifungo, pini. Shanga za nywele, na hata misuko mizito inayolala mabegani, huweza kutokeza katika picha ya kifua mithili ya doa la ugonjwa. Kwa hiyo nywele hufungwa juu. Hirizi nayo hutolewa ikiwa iko katika eneo la picha. Afadhali mama mwenyewe ndiye aitoe na kuishika mkononi hadi picha iishe, kuliko mgeni kuikata kwa mkasi. Jambo dogo kama hilo likifanywa vibaya, familia haitarudi.

Kuhusu mtoto mchanga anayelia wakati wa picha ya kifua, wazazi wasione haya. Kilio si adui. Mtoto anapolia huvuta pumzi kubwa kabla ya kulia tena, mapafu hujaa hewa, na mpiga picha mzoefu huingojea pumzi hiyo ndipo abonyeze kitufe.

Hofu ya mionzi

Mwalimu wa Ujerumani, Wilhelm Conrad Röntgen, aliigundua miale hii tarehe 8 Novemba, 1895, na kwa kuwa hakujua ni kitu gani aliipa herufi X, ile ile inayotumika katika hesabu kwa kisichojulikana. Mwezi uliofuata aliupiga picha mkono wa mke wake, mifupa na pete vikaonekana. Miaka ya mwanzo watu waliichezea miale bila tahadhari, na baadhi yao waliungua au kupata saratani. Hofu ya leo ina mizizi ya kweli, ila imekua kupita kimo chake.

Mashine hutoa mionzi pale tu kitufe kinapobonyezwa, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kitufe kikiachwa, hakuna kinachobaki hewani, mezani wala mwilini. Mtoto aliyepigwa picha hawezi kuwaambukiza mionzi ndugu zake, na mama anaweza kumnyonyesha mara tu akitoka mlangoni. Kwa vipimo, kila binadamu duniani hupokea wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani, katika chakula na hewa. Picha moja ya kifua ya mtu mzima ni takriban milisiveti 0.02, sawa na kile ambacho mwili hukipata kwa siku tatu za maisha ya kawaida. Kipimo cha siti-skani ni kikubwa zaidi, na kile cha kifua au tumbo huweza kulingana na picha za kifua mia moja na zaidi. Ndiyo maana daktari hakiagizi ovyo kwa mtoto.

Pamoja na hayo, watoto huathirika zaidi kuliko watu wazima, kwa kuwa seli zao zinagawanyika haraka na wana miaka mingi mbele yao. Kanuni inayofuatwa ni kutumia dozi ndogo kadiri inavyowezekana ilimradi picha isomeke, kuelekeza mwale kwenye sehemu inayohusika peke yake, na kutopiga picha isiyobadilisha matibabu. Mafua na kikohozi cha siku tatu kwa mtoto anayecheza na kula havihitaji eksirei. Mganga anayekataa kuiandika huwa hajabania huduma. Upo, hata hivyo, upande wa pili: kifua kikuu. Watoto wadogo ni vigumu kutoa makohozi ya kupimwa, kwa hiyo picha ya kifua ni msaada mkubwa kwa mtoto anayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili, anayepungua uzito, au anayeishi na mtu mwenye ugonjwa huo. Mzazi anayeikataa picha hiyo kwa kuogopa mionzi anaepuka hatari ndogo na kukaribisha kubwa.

Usalama wa mashine zenyewe husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania chini ya Sheria ya Nguvu za Atomu Na. 7 ya mwaka 2003. Tume hutoa leseni, hukagua vyumba na mashine, na hupima kiasi cha mionzi wanachopata wafanyakazi. Kile kifaa kidogo anachobandika mtaalamu kifuani ni kwa ajili hiyo. Watoto hukiulizia sana, na ni mwanzo mzuri wa mazungumzo.

Malipo, majibu na malalamiko

Kwa mujibu wa Sera ya Afya, matibabu ya watoto walio chini ya umri wa miaka mitano katika vituo vya umma hutolewa bila malipo. Kadi ya kliniki ndiyo uthibitisho wa umri, nayo isisahaulike nyumbani hata katika dharura. Aliyefikisha miaka mitano hutumia bima au hulipiwa. Familia isiyo na uwezo ionane na Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali. Barua ya Mtendaji wa Kijiji au Mtaa hurahisisha jambo hilo, lakini mtoto aliyevunjika asikae akiuguza mkono siku mbili kwa kungoja barua.

Picha mbili za sehemu moja, moja kutoka mbele na nyingine kutoka ubavuni, ni utaratibu wa kawaida, kwani mvunjiko unaweza kujificha upande mmoja na kuonekana upande wa pili. Zikizidi hapo, mzazi aulize. Baada ya hapo, mtoto aonyeshwe picha yake. Watoto wengi huitaka, na anayeuona mfupa wake kwenye kioo mara nyingi huelewa kwa nini bandeji ngumu haitakiwi kuloweshwa mtoni kuliko anavyoelewa kwa maonyo kumi.

Mwenye malalamiko kuhusu alivyohudumiwa mtoto wake ayafikishe kwa Mganga Mfawidhi wa kituo, au ayatumbukize katika sanduku la maoni, akitaja tarehe, saa na kilichotokea. Asiporidhika, ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya hupokea malalamiko hayo. Pongezi pia hupokelewa huko huko, ingawa sanduku huziona mara chache.

Familia inayopewa rufaa ibebe picha zote, ziwe za filamu, za diski au zilizotumwa kwa mtandao, pamoja na karatasi ya majibu. Filamu isikunjwe wala kuanikwa juani; ifungwe ndani ya bahasha yake na kuwekwa mahali pakavu. Picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye kioo cha kompyuta humsaidia daktari kupata fununu, ila haitoshi kwa uamuzi wa upasuaji. Mtoto anayefika hospitali ya mkoa bila picha zake hupigwa nyingine, mkono ule ule ukageuzwa tena.